Skrini ya ndege yangu: nilianza na swali la ikizima

Wiki hii nimepigiwa simu na watu wawili watatu wakiuliza nimefikia wapi na ile ndege, na kila mmoja swali lake la kwanza ni skrini, umechukua ya kampuni ya Garmin ama ya Dynon? Hakuna anayeuliza riveti, hakuna anayeuliza mabawa. Basi nimekaa leo baada ya magharibi niandike yote mara moja, manake hili jambo nimeliwaza karibu mwaka mzima na sitaki mtu mwingine hapa pwani azunguke kule nilikozunguka mimi.

Kwa ambao hawajui, najenga Zenith CH 750, ya siti mbili, bodi yote alumini, inakuja vipande vipande kutoka Missouri kule Marekani alafu wewe mwenyewe unaunganisha. Iko kwenye banda nyuma ya nyumba yetu Bamburi, Mombasa. Injini ni Rotax 912 ULS ya farasi 100. Kazi inayonilisha ni umeme wa meli, nimekaa baharini miaka 11, na hili nalitaja kwa sababu karibu kila nilichoamua kwenye paneli ya ndege nimekitoa melini.

Zamani kila kitu kwenye ndege ndogo kilikuwa na geji yake, spidi yake, kimo chake, upeo wake, na jairo, vile vigurudumu vya kujua ndege imeinama vipi, zilizungushwa na upepo wa pampu. EFIS, yaani mfumo wa geji za kielektroniki, imechukua vyote hivo ikaviweka kwenye skrini moja. Lakini skrini yenyewe haijui kitu, ni kioo tu cha kuonyesha. Anayejua ni kisanduku kilichofichwa huko nyuma, wanakiita ADAHRS, ndani mna jairo na aksilerometa (vipima mwendo) za chipu ambazo hazizunguki, unaingia mrija wa pito unaoleta upepo wa mbele na mrija wa statiki unaoleta hewa iliyotulia, na pembeni kuna magnetomita ya kujua kaskazini iko wapi. Kisanduku kingine kinasikiliza injini, joto la oili, presha ya oili, mizunguko, mafuta yanayopita. Vyote vinaongea kwa waya. Ukilielewa hili utaona kwamba mtu akikwambia "mimi niko salama nina skrini mbili" bado hajakwambia chochote, mpaka aseme nyuma yake ana ADAHRS ngapi. Skrini mbili zikinyonya kisanduku kimoja, kisanduku kikidanganya zote mbili zinadanganya pamoja, tena zinakubaliana vizuri kabisa.

Hapo ndo nirudi melini kidogo. Kati ya 2012 na 2018 sheria za SOLAS, zile za kimataifa za usalama wa meli, zilileta ramani za skrini, ECDIS, kwenye meli kubwa awamu kwa awamu, na meli nyingi zikaacha karatasi. Lakini walioandika zile sheria hawakuamini skrini moja, walitaka iwepo ya pili inayojitegemea ama karatasi zibaki, na juu ya paa la meli bado iko dira ya sumaku ambayo haitaki umeme wowote. Alfajiri moja tulipoteza umeme wote tukiwa katikati ya maji. Jenereta ya dharura ina sekunde 45 kuamka, na sekunde 45 kwenye giza la injini ni nyingi wallahi. Skrini zilizokuwa na UPS, betri ya akiba, zilibaki zinapiga kelele, nyengine zikafa, na yule aliyeshika usukani sikumsikia akiuliza kitu, aliinua tu shingo akaangalia kwenye ule mrija wenye vioo unaoshusha picha ya dira mpaka sebule ya usukani, akaendelea kushika njia yake. Ile shingo ilivoinuka sijaisahau mpaka leo.

Kwa hivyo mimi sikuanza na katalogi. Nilichukua daftari nikaandika ikizima, nabaki na nini. Umeme ukikatika. ADAHRS ikiharibika. Skrini yenyewe ikiganda. Mrija wa pito ukizibwa, na hapa kwetu hilo si la kufikiria tu, nyigu wa udongo wanajenga kwenye tundu lolote la saizi ile, mimi mrija wangu haujapaa hata siku moja na nshawatoa mara mbili, sasa una kifuniko chekundu muda wote. Na la mwisho likawa la kwetu hasa: upeo wa macho ukipotea. Mtu aliyeruka Nairobi pekee anaweza asilielewe hili. Wakati wa kaskazi kuna siku ukitoka juu ya maji kuelekea Malindi ama ukishuka upande wa Diani, bahari na mbingu zinakuwa kitu kimoja, weupe mtupu, mawingu hakuna lakini mstari pia hakuna. Mimi ni rubani wa mchana na wa kuona nje, lakini kwenye weupe ule geji ya spidi na altimita ya mshale peke yake hazitoshi, nataka kitu cha pili kitakachonionyesha bawa limelala wapi.

Sasa hizo kampuni. Nimezisoma nne kwa dhati. Garmin G3X Touch ni kitu kizuri, hilo sibishi na mtu, visanduku vyake vinaongea kwa CAN, mtandao wa waya wa pamoja, na picha yake imetulia. Dynon SkyView HDX, hawa ndo kwa kiasi kikubwa walioifanya EFIS iwe kitu cha mjenzi wa kawaida tangu ile D10 yao ndogo ya 2003. GRT wa Michigan, ni watu wa wajenzi wenyewe, bei zao zina huruma. Na MGL wa Somerset West huko Afrika Kusini, ambao nilitamani sana kuwachukua kwa sababu wako kwenye bara letu, saa zao karibu ni saa zetu na ukipiga simu asubuhi mtu ameamka.

Lakini mambo mengi yanayosifiwa kwenye vitabu vyao vya matangazo ni ya Marekani na huku hayafanyi kazi, na ni lazima uyaondoe kwanza kabla hujalinganisha bei. Ile hali ya hewa ya bure inayorushwa kutoka minara ya chini kwenye masafa ya 978, ni ya kule. Hali ya hewa ya setilaiti ya XM, ya kule. ADS-B, yaani ndege kutangaza kwa redio mahali zilipo, kwetu ni masafa ya 1090, kwa hivyo ukinunua kipokezi cha 978 umenunua boksi la kukaa kimya. Kabla hujalipa uliza data za Afrika Mashariki zinapatikana vipi, kila baada ya muda gani, na kwa bei gani, waandikie uwe na jibu kwa maandishi. Na nenda KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, mapema ukiwa na mchoro wa paneli, kabla ya kutoboa alumini. Tundu ukishalitoboa halirudi.

Bado sijasema jua. Hili nimelitolea jasho. CH 750 juu ya kichwa ina paa la plastiki angavu, ndo raha yake, ukikata kona unaona unakoenda, lakini jua nalo linashuka hapo hapo. Na sisi tuko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, mwezi wa 3 na mwezi wa 10 linakupita utosini kabisa. Ijumaa moja ya mwezi wa 3, nimetoka msikitini, nikakata kadibodi kwa saizi ya skrini ya inchi 10, nikabandika tableti nyuma yake ikiwa na picha ya upeo, mwanga wote juu, tukaisukuma bodi nje ya banda nikakaa siti ya kushoto, shemeji kulia. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kanzu yangu. Kanzu nzima nyeupe imejaa kwenye kioo, upeo huuoni, namba huzioni, kanzu tu. Shemeji alikuwa na fulana ya samawati iliyoiva na upande wake picha ilikuwa inasomeka. Tukabadilishana siti, tukainamisha sehemu ya juu ya kadibodi ije kwetu kiasi cha upana wa kidole, ule mng'ao wa paa ukaondoka, tukaongeza ukingo wa kadibodi juu kama paji la kofia, picha ikarudi. Mchana ule mmoja ulinifundisha kuliko miezi ya kusoma. Alafu kidole. Tuko na jasho, bodi ya alumini imechemka, tableti ikawa inafungua vitu sijaviomba. Nikaapa kwamba kitu chochote cha muhimu, kimo, presha ya altimita, otopailoti, lazima kiwe na kitufe ama nobu ya kushika kwa mkono hata ndege ikirukaruka. HDX inakupa nobu na kugusa pamoja, G3X Touch pia.

Kosa langu kubwa nalieleza ili usilifanye. Mwanzoni kabisa nilinunua skrini iliyotumika kwa mtu, bei nzuri sana, picha safi. Ilipofika nikakuta programu yake ya zamani haimtambui ADAHRS mpya, na visanduku vya toleo lake havitengenezwi tena. Muuzaji hakunijibu tena. Pesa ile ingenunua waya wa ndege nzima na ikabaki.

Na waya, jamani, waya. Huku chumvi iko hewani, hata banda likiwa mbali na ufuo utaikuta. Nimefungua boti za watu hapa Mtwapa na Kilindini nikakuta shaba imekuwa kijani mpaka ndani ya plastiki, ukiivuta inakatika kama tambi. Waya ya ndege iliyopakwa bati kila uzi ni ghali lakini hiyo ndo ya kutumia, pini ziwe zilizopakwa dhahabu, krimpa kwa koleo lake lenyewe, na kila konekta ielekee chini ili maji yasitulie ndani. Hapa ndo Dynon alinivuta sana, kebo zake za mtandao zinauzwa zikiwa tayari, konekta za pini 9, na zile zinazofungwa kiwandani zina sehemu chache za mimi kukosea saa nne usiku nimechoka. Magnetomita nayo nimeipeleka mbali nyuma ya bodi, na kabla ya kuipa sehemu nilipitisha bisibisi ya chuma karibu nayo nikiangalia skrini, digrii zikakimbia vibaya, kwa hivyo kule nyuma skrubu zote ni shaba nyeupe ama plastiki.

Umeme wa Rotax 912 si mwingi, jenereta yake inatoa kama wati 250 ikiwa kwenye mizunguko ya juu, na ukiwa chini unasubiri kupaa inatoa pungufu ya hapo. Jumlisha skrini, redio, transponda, taa, pampu ya mafuta, andika ampia za kila kimoja. Mimi nilijumlisha mara tatu nikaitoa skrini ya pili ya inchi 10 niliyokuwa naitamani. Kisanduku cha injini lakini sikukipunguza. Oili ya 912 ULS inatakiwa ifike nyuzi 50 kabla hujapaa na isizidi 130, na mizunguko 5800 ni ya dakika 5 tu, baada ya hapo 5500. Kwa joto letu oili nataka iangaliwe na kitu kisichochoka, kipige kengele mimi nikiwa naangalia nje.

Basi nilichochukua ni hiki: HDX moja ya inchi 10 na betri yake ya akiba, ADAHRS moja yake, na pembeni Garmin G5, skrini ndogo, ya kampuni nyengine, sensa zake ziko ndani yake mwenyewe na betri yake inaweza kufika saa 4. Programu tofauti, sensa tofauti, umeme tofauti. Na dira ya sumaku ya maji katikati ya kioo cha mbele, pale utakapoinua shingo tu unaiona.

Kuna utafiti wa NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, wa 2010, walilinganisha ndege ndogo za skrini na zile za geji za zamani. Za skrini ajali zake kwa jumla zilikuwa chache, lakini zenye vifo zilikuwa kwa kiwango cha juu zaidi, na walichosisitiza ni mafunzo ya kifaa chenyewe unachokitumia. Kwa hivyo nimejiwekea kwamba kabla ya kupaa nitakaa saa nyingi bandani skrini ikiwa inawaka, nizizime moja moja na shemeji achague ipi bila kuniambia.

Juzi usiku tulianza. Paneli bado haijatobolewa, vitu vyote viko juu ya meza, ADAHRS na G5 nimezifunga kwenye ubao mmoja. Ukiinua ubao upande mmoja, zote mbili zinalala pamoja. Mama akaingia na chai ya tangawizi, akasimama akiangalia, akauliza, "Mwanangu, hii ya buluu ni bahari ama ni mbingu?" Nikamwambia mbingu, Mama, lakini ukiwa juu ya maji na bahari pia huichora buluu, unachofuata ni huu mstari mweupe. Akashika ubao mwenyewe akauinamisha taratibu, akaurudisha mpaka mstari ukalala sawa. Shemeji hapo hapo akachomoa waya mkuu bila kusema. Hakuna iliyozima. Tukaandika saa kwenye daftari tukaziacha zile betri, tukanywa chai, HDX ikadumu muda wa saa moja na dakika 10 ikazima, tukaenda kulala G5 bado inawaka.