Siku moja maishani mwangu: nahifadhi historia ya ndege hapa Tanga

Nikimwambia mtu nafanya kazi makumbusho ya ndege swali la kwanza ananiuliza tunawalisha nini. Sio ndege wa mitini jamani, ni ndege za kupanda watu, eropleni kama wanavyoita wazee wa huku. Akishaelewa linakuja la pili, sasa kazi yenyewe nini, kufuta vumbi? Basi nimeamua niandike siku yangu ya jana ilivyokwenda, kama ilivyo.

Saa kumi na moja alfajiri nimeamka, swala, mtoto nimemuandaa shule, saa moja kasoro niko kwenye baiskeli natoka Makorora naelekea mjini, mbaazi na mahamri nimenunua njiani.

Saa moja na nusu nafungua mlango na kabla sijashika chochote nasimama nanusa. Chumba kikiwa na uvundo najua unyevu umepanda usiku na siku hiyo naanza na picha. Bahari hii tunayoipenda ndo inatumalizia vitu. Hewa ina chumvi, chumvi ikikaa kwenye aluminiamu inatoa unga mweupe kwenye maungio, ukiuona nje ujue ndani imeshakula. Tuna pangaboi moja la ndege na kipande cha bawa, kila asubuhi napitisha kitambaa laini kikavu huku naangalia kama unga umeongezeka toka jana. Kuna watu wametushauri tupige rangi ya fedha ing'ae, nikakataa, maana kwenye lile pangaboi kuna alama za tupa za fundi aliyelinyoosha, ukipaka rangi umemfuta yule fundi. Na picha huku pwani ikigusana na kioo inaganda, siku ukiibandua inabaki na sura ya mtu kwenye kioo, niliwahi kushuhudia na sitaki kuona tena. Kwa hiyo kila picha inawekewa karatasi nene pembeni isiguse kioo, namba yake inaandikwa nyuma kwa penseli, wino hapana.

Saa tatu walikuja wanafunzi wa shule ya msingi, arobaini na kidogo, wazuri wasikivu. Wao huwa nawaanzia na ile meli ya angani ya Wajerumani, puto refu la gesi lenye injini, L59, iliyotoka Bulgaria Novemba 1917 kuwaletea mzigo wanajeshi wao waliokuwa wanapigana huku kwetu, ikafika hadi juu ya Sudan ikaamriwa irudi, saa 95 hewani bila kutua. Wanapenda sana. Halafu nawapeleka kwa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi 1929 na mwanamke, Florence Kerr Wilson, na wasichana huwa wananyoosha mikono hapo.

Saa nne na robo ndo akaingia yule kaka.

Amekuja na wageni watatu kutoka Dar, miwani ya jua juu ya kichwa, sauti kubwa. Kwanza kiingilio, shilingi elfu mbili kwa mtu, akasema yeye mwenyeji wa hapa halipi, nikamwambia mwenyeji ndo huyohuyo tunamtegemea kaka yangu, akalipa lakini kwa kunisusia, hela kaitupa mezani. Sawa. Wakafika kwenye picha yetu kubwa, ndege imesimama kwenye majani, wanaume sita chini ya bawa na mkokoteni. Lebo inasema DC-3 ya East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Afrika Mashariki enzi hizo. Yeye akawaambia wageni wake hiyo ni VC10, mjomba wake aliipanda kwenda London, makumbusho wamekosea. Nikasogea taratibu nikamwambia samahani kaka, VC10 ilikuwa ya jeti, injini nne zote nyuma mkiani, hii ina mapangaboi mawili mbele na gurudumu dogo chini ya mkia, ndo maana imekaa pua juu. Akasema dada we ulikuwa hujazaliwa. Nikamwambia kweli sikuwepo, ila East African ilianza 1946 na ndege sita ndogo za Dragon Rapide, za mbao na kitambaa, VC10 zilikuja 1966, na zile zilikuwa ndege kubwa za safari za mbali, haziwezi kutua kwenye uwanja mdogo kama wa kwetu. Halafu nikamuonyesha herufi, VP-K, hiyo ni ndege iliyosajiliwa Kenya enzi za mkoloni, za kwetu Tanganyika zilikuwa VR-T, baada ya uhuru ndo ikawa 5H mpaka leo na Kenya 5Y. Sasa VP-K na VC10 vinakutana wapi?

Nilidhani yameisha. Kumbe ndo anaanza, akataka nibadilishe lebo palepale, akapiga simu kwa huyo mjomba akaweka spika, mjomba hasikii vizuri, anauliza nani kafa, wageni wamekaa chini wanachoka na mimi nimesimama na glavu za pamba mkononi joto lile, na hapo umeme ukakatika, feni kimya. Akanyoosha kidole akakigonga juu ya kioo cha picha kuonyesha "injini", nikamshika mkono. Sikupanga kumshika, ilikuja yenyewe. Nikamwambia kaka tafadhali, hii hatuna nyingine, ikiharibika ndo basi. Akaniangalia, akatoka bila kuaga. Mgeni wake mmoja, mmama wa makamo, akabaki nyuma akaniambia pole mwanangu, akaisoma lebo yote mpaka mwisho. Saa nzima na robo ilikwenda pale na jasho lote.

Mchana sikula. Umeme ulirudi sijui saa ngapi, nilikuwa nabadilisha karatasi za picha zilizopata unyevu, mgongo unauma.

Nilichokuwa nasubiri siku nzima ni babu mmoja anaishi Ngamiani, alikuwa mpakiaji mizigo pale uwanjani toka 1962. Miadi saa nane, akafika kama saa kumi na moja, bajaji iliharibika njiani na mguu wake mmoja haukunji. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikampa chai ya tangawizi, nikawasha simu irekodi. Nikamuuliza DC-3 ilikuwaje kuipakia. Akacheka, akasema ile ndege ilikuwa mlima. Mlango uko nyuma, pua iko juu, kwa hiyo mifuko ya posta na maboksi unayavuta kupandisha kwenda mbele, siku ya mvua viatu vinateleza unarudi na mzigo wako mpaka mlangoni. Abiria walipimwa uzito kwenye mizani pamoja na mabegi yao, na wamama wa mjini hawakupenda kupimwa mbele za watu, ikabidi waweke pazia. Mimi miaka yote naangalia hiyo picha, naona pua iko juu, nimewaeleza mamia ya watu, na sikuwahi kufikiria mtu anayevuta gunia ndani yake.

Halafu nikamletea picha yenyewe, nikaizima taa ya juu isiakisi kwenye kioo. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani haoni. Akaweka kidole, bila kugusa, mbali kidogo na kioo, kwa yule wa mwisho kulia aliyeshika kabari ya gurudumu, ambaye kwenye daftari letu ameandikwa "hajulikani" toka siku picha ilipoletwa. Akamtaja jina. Jina la kwanza, la baba, na lile la utani walilomwita uwanjani, na mtaa aliokuwa anakaa, Barabara ya Nane. Akasema huyu ndo alinifundisha kusimama, ukisimama vibaya pangaboi linakuchukua.

Giza lilikuwa limeshaingia. Nikamsindikiza babu mpaka kwenye bajaji, nikarudi ndani, nikaitoa picha kwenye fremu polepole, nikachonga penseli, nikaandika nyuma yake jina lote, na pembeni nikaandika: mpakiaji.