Siku DJ Alipozilaumu Spika Zangu

"Twita zako zimeungua, kaka." DJ hata salamu hakunipa. Twita ni zile spika ndogo za sauti za juu. Ukumbi ulikuwa mtupu, harusi ni ya usiku, na mimi ndiye niliyekuwa fundi mitambo.

Nikasogea mbele ya spika ya kushoto, nikatega sikio. Besi ilikuwepo, tena nzito, lakini matoazi yalitoka na majimaji, kama mtu anayepiga mluzi mdomo umejaa mate. Tukabadilisha waya, tukahamisha chaneli, majimaji palepale. Nikachomeka flashi yangu yenye wimbo wa WAV, yaani sauti isiyobanwa, ninaopimia mitambo. Matoazi yakang'aa, kila pigo likasikika peke yake. Twita zilikuwa nzima.

"Lakini ngoma zangu zote ni 320," akasema. Alimaanisha MP3 za kilobiti 320 kwa sekunde, na kweli, jina la faili lilisema hivyo.

Mimi majina ya mafaili siyaamini. Nikaifungua ngoma yake kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, upande wa spektrogramu, unaoonyesha masafa ya sauti kwa rangi. Chini rangi zimejaa tele. Zikifika karibu na hezi 16,000 zinakatika kwa mstari ulionyooka, juu yake hakuna kitu. Wimbo wangu ulipanda kupita 20,000.

Nikamweleza. MP3 hupunguza uzito wa faili kwa kutupa kile ambacho sikio halitarajiwi kukisikia. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, mara nyingi sauti hukatwa hapo kwenye 16,000. Kwa 320 hufika karibu 20,000. Kuna mtu alichukua faili la 128 akalihifadhi upya kama 320. Uzito ukaongezeka, kilichotupwa hakikurudi. Tena kila ukigandamiza upya, kingine kinapotea.

"Mbona kwenye hedifoni sikusikia?"

Swali zuri, maana hedifoni zake zilikuwa za besi nyingi, zinaficha. Halafu alikuwa ameipunguza ngoma mwendo kwa asilimia 8 huku amewasha kile kitufe kinachozuia sauti isiwe nzito mwendo ukipungua. Hapo programu inalazimika kuinyoosha sauti, na faili lililokwisha kunyofolewa linaanza kuonyesha matobo yake. Tulipokizima, majimaji yalipungua waziwazi. Tulipoishusha geini ya mikisa, yaani nguvu ya sauti inayoingia, hadi taa nyekundu zikaacha kuwaka, na mikwaruzo nayo ikaondoka. (Madijei na taa nyekundu, sijui wamelishwa nini.)

Sasa akataka azigeuze zote kuwa WAV saa ileile. Nikacheka. "Mdogo wangu, WAV ya dakika 5 ni megabaiti kama 50. Utabeba takataka ileile, zaidi ya mara nne uzito."

Tukakaa chini tukazipitia, moja baada ya nyingine. Alizonunua na alizonakili mwenyewe kutoka kwenye CD zilikuwa safi. Za FLAC ndizo zilizonifurahisha zaidi, zinabana nafasi bila kutupa chochote. Zile zilizonyofolewa kwenye video za mtandaoni karibu zote zilikuwa na ule mstari. Akazitupia kwenye folda moja, akaiita "Dharura".

Usiku aliifungua mara moja tu, bibi harusi alipoomba wimbo ambao hakuwa nao kwingine. Ukumbi mzima ukaruka kuliko ulivyoruka kwa ngoma zote safi. Nikapunguza kidogo sauti za juu kwenye mikisa, mambo yakaenda.