Mzamiaji ametoboa barafu

Saa tisa usiku wa leo Mzamiaji, chombo changu kinachotoboa barafu kwa kuiyeyusha, amegusa kitako cha ndoo. Sentimita 40 za barafu, juu hadi chini, bila mkono wangu kumsogelea. Nimeingoja siku hii wiki tano.

Mnaofuatilia mnajua alikokuwa akigoma: sentimita 16, kila mara. Kichwa cha shaba kipenyo sentimita 4, wati 40, barafu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hesabu alipaswa kushuka sentimita 33 kwa saa, ukiacha joto linalopotea. Nikaamini moto ni mdogo, nikapandisha hadi wati 60. Akakwama palepale, na hita ikaungua. Usiku ule nilifunga friza nikaenda kulala bila kula.

Tochi ndiyo iliyonitoa gizani. Nililitoa pande zima kwenye ndoo nikalimulika ubavuni: chini ya kichwa kulikuwa na maji, kina cha vidole viwili! Barafu ya chini imeshayeyuka na yeye hashuki. Alikuwa ananing'inia. Maji ya kichwani hupanda kando ya mwili, na yakifika juu, bomba ambalo ndilo mwili wake likiwa limepoa, huganda upya na kumkaba. Siku zote nililisha kichwa, kumbe aliyeshikwa ni kiuno.

Sasa kichwa kinapata wati 28 na mbavu zinapata wati 12, kwa waya wa hita niliouzungusha kwenye bomba na kuufunika kwa gundi ya epoksi. Jumla ni ileile 40. Saa mbili na dakika 20, kazi imekwisha.

Fikirieni chombo kama hiki kikishuka Europa, mwezi wa Mshtarii, ambako uso una baridi ya nyuzi 160 hivi chini ya sifuri na ganda linakadiriwa kuwa na unene wa kilomita 15 hadi 25. Kule karibu nusu ya nishati inaishia kuipasha tu barafu kabla haijaanza kuyeyuka. Mbavu zisizo na joto hazifiki popote.

Kuhusu pawa saplai, kifaa cha kumlisha umeme: ile ya kompyuta kuukuu iacheni. Volti 12 inatoa vizuri, ila haionyeshi ampea, nanyi mtagawa wati kwa kubahatisha. Yenye kioo cha ampea inastahili kila shilingi.

Hatua niliyokuwa nimeipanga baada ya hii ilikuwa kuuweka waya wa umeme ndani ya mwili, ujifungue wenyewe anaposhuka, ili tundu likiganda nyuma yake usimzuie. Ndivyo mwanafizikia Mjerumani Karl Philberth alivyofanya, na mwaka 1968 chombo chake kilipita kina cha mita 1,000 kwenye barafu ya Greenland. Nitaurudia mpango huo. Lakini nilipomchomoa leo nilikuta vumbi limejikusanya chini ya kichwa, utando mwembamba tu, na kwenye rekodi zangu kasi ilikuwa imeshuka sentimita za mwisho. Vumbi la maji ya bomba! Je, ikiwa ni tabaka la mchanga? Ndoo yenye mchanga katikati imeshaingia friza, kesho jioni itakuwa imeganda.