Kiyamu

Juzi mtoto wa kaka yangu aliniuliza: "Shangazi, mbona ukitaka kuinuka hukaa kwanza ukachezesha miguu?" Nilimjibu kwamba naingojea damu ipande. Akaridhika, akaenda zake kucheza, lakini mimi swali lake lilinirudisha kwenye Maulidi ya harusi ya binamu yangu, mtaa wa Mkomani, Lamu.

Ilikuwa kaskazi, na wanawake tulijazana katika chumba cha ndani, magoti yamegusana juu ya mikeka. Kwamba nina multiple sclerosis, ugonjwa wa neva, kila mmoja alijua, kwa kuwa mguu wangu wa kushoto huburura na mguu huonekana. Mengine hayakuonekana. Tangu asubuhi nilikuwa nimelowesha koo tu, maana haja ndogo ilikuwa ikinijia kwa ghafla, bila kunipa muda wa kufika chooni, na katikati ya kisomo mtu hawezi kuwaruka wenzake akimbilie ngazi.

Barzanji, kisomo cha Maulidi, ilipofika pahala pa kuzaliwa kwa Mtume, wote tukasimama; ndicho kiyamu. "Ya Nabii salaam alaika" ikapaa, mrashi ukapitishwa, na tone moja la marashi likaniteremka shavuni, baridi kabisa. Hapo maumivu yakanikamata kisogoni na mabegani kana kwamba nimetwikwa mtungi. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo. Zile za pembeni zilitiwa giza kwanza, zikafuatia zilizo karibu na katikati, mpaka kikabaki kidaka kimoja chenye bakuli la kauri la buluu. Nililikazia macho bakuli lile kwa nguvu zangu zote, nikiamini kwamba maadamu naliona sitaanguka. Sauti za wenzangu zilikuwa tayari zinatoka mbali, kama upande wa pili wa ukuta. Kisha bakuli nalo likapotea.

Nilipozindukana walikuwa wakiniinua. Mmoja alisema ni ule udi, nina kitu kichwani na nipungwe. Mwingine aliuliza kwa sauti ya chini kama nina mimba. Kila waliponikalisha, giza lilinirudia. Bibi mmoja jirani ndiye aliyewakemea: "Mlazeni! Mwinueni miguu, mwacheni apate pumzi." Wakanilaza, wakaniwekea mito chini ya visigino, na haukupita muda nikaziona tena boriti za dari.

Baadaye daktari mmoja Mombasa alinipima presha nimelala, kisha nimesimama. Ikishuka kwa 20 ile ya juu, au kwa 10 ile ya chini, ndani ya dakika 3 za kusimama, huhesabiwa kuwa ni tatizo, na yangu ilishuka. Alinieleza kwamba ugonjwa huu huambua utando wa neva katika ubongo na uti wa mgongo, na kwamba miongoni mwa njia zinazoharibika zimo zile tusizoziamrisha: zinazobana mishipa ya damu tunapoinuka, zinazotawala kibofu, zinazotoa jasho. Joto nalo huzidisha, kwani neva iliyoambuliwa hupitisha ujumbe kwa taabu zaidi mwili ukipata moto, na hali hiyo imepewa jina la daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, ambaye mwaka 1890 aliandika juu ya wagonjwa waliofifia macho kwa muda baada ya kujichosha. Joto hilohilo hutanua mishipa ya ngozi na kuishusha presha. Kabla ya hapo nilikuwa nimepimwa macho na miguu mara nyingi, wala hapana aliyeniuliza nikisimama huwaje, au choo changu kikoje. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu najua wapo wengine ambao hawajaulizwa.

Nilishauriwa kunywa maji kwa wingi, kuvaa soksi za kubana na kuinuka kwa hatua. Soksi katika joto la Lamu ni adhabu, lakini navaa. Kwenye maji ndipo penye mgogoro: nikiyanywa presha husimama na kibofu hunikimbiza, nikiyaacha kibofu hutulia na kichwa huenda.

Mfunguo sita unakaribia, na kisomo kitakuwa katika nyumba ileile. Wakati wa kiyamu nitabaki nimekaa, kwani mwenye udhuru husamehewa, ingawa macho ya baadhi ya watu hayasamehi. Nisichokuwa nimekiamua ni kama nikae kwenye ukuta, nipate pa kuegemea, au mlangoni, karibu na ngazi.