Nilivyoacha kufundisha introni kwa sinia la mchele

Kwa miaka kadhaa nilifundisha RNA, yaani nakala ya jeni ambayo seli huisafisha kabla ya kuitumia, kwa sinia la mchele. "Seli inachambua," nawaambia wanafunzi wangu wa stashahada ya maabara. "Introni ndiyo mawe, eksoni ndiyo mchele. Mawe nje, mchele chunguni." Wanacheka, wanaandika, mtihani ukija wanajaza hatua za kuiandaa RNA: kofia mwanzoni, kukata introni na kuunga eksoni, mkia mwishoni. Alama tele. Mwaka juzi nikaongeza kaswali kadogo: seli inajuaje pa kukata? Karibu darasa zima liliandika kwamba inaziona introni hazina maana.

Kosa langu. Anayechambua mchele analiona jiwe kwa macho. Introni imeandikwa kwa herufi zilezile nne, A, U, G na C. Ni jiwe lenye sura ya mchele.

Muhula uliofuata nikanunua roli mbili za karatasi ya mashine ya EFD, maka peni na selotepu, nikaazima futikamba kwa fundi cherehani jirani. Jeni niliyochagua ni ya beta globini, ile ya chembe nyekundu za damu, kwa kuwa ni fupi na kwa kuwa vijana hawa wataangalia selimundu kwenye darubini maisha yao yote ya kazi. Kipimo: herufi moja, milimita moja. Nakala ghafi ya RNA ikatoka mita 1.6, ikaipita hata futikamba yenyewe yenye sentimita 150. Introni ya kwanza sentimita 13, ya pili 85. Wakapaka wino, wakakata, wakaunga kwa selotepu. Kilichobaki mezani kilikuwa kama sentimita 63; karatasi nyingi ilikuwa sakafuni.

Kijana mmoja akauliza, kwa hasira kabisa, "Sasa yote haya iliyanakili ya nini?" Nikampa distrofini, jeni ya misuli. Kwa kipimo kilekile inafika zaidi ya kilomita 2, kutoka getini kwetu hadi kuvuka stendi, na ikishakatwa na kuungwa zinabaki mita 14 hivi. Kuinakili mara moja tu seli inatumia kama saa 16. Hakuuliza tena siku hiyo.

Kofia tuliimaliza kwa kukunja ncha ya mwanzo, nikasisitiza kwamba inavalishwa mapema, RNA ikiwa bado inanakiliwa. Mkia nao ulikwenda haraka: seli inasoma AAUAAA, inakata mbele kidogo, inaongeza A kama 200 ambazo hazikuandikwa popote kwenye DNA. Tukabandika sentimita 20 za AAAA.

Shida ilikuwa palepale pa kukata. Nikawapa kanuni ya vitabuni, kwamba introni huanza na GU na kuishia na AG, kisha nikabandika ubaoni kipande kingine nilichokiandika kwa herufi kubwa, mwisho wa eksoni ya kwanza na mwanzo wa introni yake, inayoanzia kwenye GUUGGUAUC:

GUUGGUGGUGAGGCCCUGGGCAGGUUGGUAUC

Haikupita dakika. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, GU ziko tano humu. Hii hapa, herufi 16 kabla ya hiyo yako, mbona hatuikati?"

Sikuwa na jibu. Nikafanya tunavyofanya walimu wote: "Swali zuri, tutalijibu kesho."

Usiku nikarudi kwenye U1. Hicho ni kipande kifupi cha RNA kilichomo ndani ya splaisosomu, mashine ya kukatia, na hupajua mahali kwa kushikana napo herufi kwa herufi. Pangekuwa pa kushikana kikamilifu, herufi tatu za mwisho wa eksoni na sita za mwanzo wa introni zingesomeka CAGGUAAGU. Basi asubuhi nikaandika hizo tisa ubaoni, nikawaambia wahesabu: kila herufi inayolingana, alama moja.

Mahali halali ni CAGGUUGGU. Saba.

Mahali pa yule binti ni GUGGUGAGG. Sita.

"Bao moja tu?" Darasa likachangamka kama kibanda umiza. Nikawaambia wasubiri. Badilisheni herufi ya tano ya introni, G iwe C. Hilo ndilo badiliko linaloongoza kwa wagonjwa wa thalasemia ya beta, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu, huko Oman, na darasa la pwani halikosi mwenye shangazi Muscat. Sasa mahali halali pakawa CAGGUUGCU. Wakahesabu tena kwa vidole.

"Droo, Madam! Sita sita! Refa nani?"

Ikabidi nikiri kwamba hesabu yangu ni ya kienyeji. Ziko protini zinazokaa kando na kuisaidia U1 kuchagua, nazo hazimo ubaoni. Lakini lililobaki si la kienyeji hata kidogo: kwa mtu aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, seli hukata kweli kwenye GU ileile aliyoionyesha binti, na kwenye nyingine mbili za karibu, na globini iliyo sawa inayopatikana ni kidogo mno. Ndiyo maana mgonjwa anaishi kwa kuongezewa damu.

Binti alikuwa bado kwenye karatasi yake. "Zikipotea 16," akasema, "kwa tatu haigawanyiki. Ribosomu inasoma herufi tatu tatu ili itengeneze protini; kuanzia hapo inasoma vurugu tupu." Hilo nilikuwa nimelipangia kipindi kizima cha wiki inayofuata.

Mwisho wa muhula nikalirudisha kaswali kale. Majibu yalikuwa ya kila aina, na wawili bado walichambua mchele. Ila mmoja aliandika ukurasa mzima kwa Kiingereza, kama mtihani unavyotaka, halafu chini kabisa akamalizia kwa Kiswahili: refa ni U1, lakini anasikiliza washika vibendera. Nilimpa alama zote.