Karatasi moja ya fizikia: kumbukumbu ya maandalizi

Masharti

Mtihani ni wa muda wa saa tatu, alama 100. Tumeruhusiwa kuingia na karatasi moja ya A4, pande zote mbili, iliyoandikwa kwa mkono. Nakala iliyochapwa hairuhusiwi, swali lililokwisha kutatuliwa haliruhusiwi, na karatasi yenyewe inakusanywa pamoja na majibu. Masharti hayo nimeyanakili neno kwa neno na kuyabandika juu ya meza. Kila mtihani una yake, na karatasi nzuri iliyokiuka sharti moja itaishia mikononi mwa msimamizi kabla sijakaa.

A4 ni milimita 210 kwa 297. Nafasi hiyo ni ndogo, ila muda ndio mdogo zaidi: dakika 180 kwa alama 100 ni chini ya dakika mbili kwa kila alama. Kitu nitakachokitafuta kwa dakika nzima kimeshanigharimu nusu ya alama. Kwa hiyo nimeamua tangu mwanzo kwamba karatasi hii si ya kubebea kitabu. Ni ya kunisaidia kuchagua njia pale swali linapokuwa na njia tatu na moja tu ndiyo inayofika.

Rasimu ya kwanza, vitabu vimefungwa

Nimeandika kila ninachokumbuka bila kufungua daftari, mada moja baada ya nyingine, kisha ndipo nikafungua na kulinganisha. Utaratibu huu una ushahidi nyuma yake. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walitoa matokeo ya majaribio yao: wanafunzi waliosoma kifungu na kukirudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka ndio waliobaki na mengi kichwani. Mtihani wangu hauko dakika tano mbele.

Kulinganisha kumenipa orodha mbili. Ya kwanza ni ya vitu vilivyotoka bila kusita: F = ma, V = IR, nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Hivi sivipi hata sentimita moja ya karatasi. Watu wengi huviandika kwanza, kwa herufi kubwa, kwa sababu vinatuliza moyo. Mimi naona mstari ninaoujua usingizini unamfukuza mwenziwe ninayemhitaji kweli. Orodha ya pili ni ya mahali kalamu iliposimama. Hiyo ndiyo karatasi.

Upande A: mwendo na nishati

Siku nyingi zimeishia hapa, na sioni vibaya. Fomula za mwendo wenye mchapuko usiobadilika zinakaa katika mistari mitatu, lakini pembeni ya kila moja nimeandika kisichokuwemo ndani yake. Kando ya v² = u² + 2as (v ni kasi ya mwisho, u ya mwanzo, a mchapuko, s umbali) nimeweka maneno mawili tu: “muda haupo”. Swali lisipotaja muda wala kuuliza muda, jicho linakwenda moja kwa moja pale.

Kisha nikatengeneza kisanduku cha maamuzi. Swali linaulizia kasi na kimo au umbali: anza na nishati. Linaulizia muda au mchapuko: chora kani zote, kisha kanuni ya pili ya Newton. Vitu vinagongana, vinashikamana au vinaachana: momenta, yaani tungamo mara kasi.

Ugumu uko kwenye maswali yanayochanganya. Chukua risasi ya kilo 0.01 inayokwenda mita 200 kwa sekunde, ikazama kwenye gogo la kilo 0.99 linaloning'inia kwa kamba. Gogo litapanda kimo gani? Kwa momenta, gogo na risasi vinaanza pamoja na kasi ya mita 2 kwa sekunde. Hapo ndipo nishati inapoingia kazini, na kimo kinatoka takribani mita 0.2. Anayetumia nishati tangu risasi ikiwa hewani atapata zaidi ya mita 20, yaani mara mia moja ya jibu. Sababu ni kwamba risasi ilikuja na jouli 200, na baada ya kuzama zimebaki jouli 2 tu za mwendo. Zilizosalia zimekwenda kwenye joto na kuchanika kwa mbao. Mfano huu siruhusiwi kuuingiza, na sihitaji. Kilichoingia ni mstari mmoja: “Kushikamana: momenta WAKATI wa kugongana, nishati BAADA yake.” Nikiusoma, gogo zima linanirudia kichwani. Nadhani huu ndio mstari wenye thamani kuliko yote niliyoandika hadi sasa.

Kwa mteremko, sikuandika tu kwamba kani inayovuta kitu chini ni mg sin θ (mg ni uzito wa kitu, θ ni pembe ya mteremko). Nimeongeza namna ya kuhakiki: “θ = 0, mvuto chini ya mteremko = 0”. Sakafu ikiwa bapa kitu hakiserereki, na sine ya sifuri ni sifuri. Ukisahau ni sine au kosine, sakafu bapa inakujibu kwa sekunde mbili.

Upande B: umeme, vizio, kikokotoo

Umeme umekwenda haraka. Vikinza sambamba: ukinzani wa jumla lazima uwe mdogo kuliko wa kilicho kidogo kabisa, om 6 na om 3 zinatoa om 2. Vizio: kilomita kwa saa gawanya kwa 3.6 upate mita kwa sekunde, ili 72 iwe 20. Hakuna zaidi la kusimulia.

Pembe ya juu kushoto, mahali jicho linapoanzia, nimeacha kwa jambo moja: sin 30 = 0.5. Kikokotoo kikitoa −0.988 kiko kwenye redieni, kizio kingine cha pembe, si nyuzi. Nitalijaribu kabla ya swali la kwanza, kwa sababu hitilafu hiyo haipigi kelele. Inapita ndani ya kila jibu lenye pembe hadi ukurasa wa mwisho.

Kuijaribu

Nimeanza kufanya mitihani ya nyuma kwa saa ya kweli, karatasi ikiwa mezani na kitabu kikiwa chumba kingine. Kila mstari ninaoutumia naupigia nukta ya penseli. Ninachokitafuta nikakikosa nakiandika pembeni, kwenye kipande kingine, bila kusimamisha saa.

Nukta zinasema ukweli. Kisanduku cha maamuzi kimejaa. Jedwali la vipimo vya metali nililolipenda kwa unadhifu wake halina hata moja, maana swali lenyewe hutoa thamani inayohitajika, kwa hiyo limeondoka. Nafasi yake imechukuliwa na mwendo wa duara, uliojitokeza mara kwa mara kwenye kipande cha pembeni: mchapuko v²/r (r ni nusu kipenyo), na maneno “kani kuelekea kitovu si kani mpya; tafuta nani anaitoa: kamba, msuguano au mvutano”.

Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba nakumbuka mahali kitu kilipo kabla ya kukikumbuka chenyewe. Kwa hiyo sibadilishi tena mpangilio. Nakala safi itafuata ramani ileile, mwendo juu, nishati katikati, momenta chini, hata kama kuna namna nadhifu zaidi ya kupanga.

Kilichobaki

Nakala ya mwisho bado. Wino wa kalamu ninayoipenda unapenya upande wa pili, na nikiandika pande zote mbili sura ya umeme inasomeka kupitia mwendo, kwa hiyo nitatumia ya ncha ya milimita 0.5 yenye wino mkavu. Rangi ni mbili: nyeusi kwa fomula, nyekundu kwa maonyo peke yake. Kisha mtihani mmoja zaidi wa nyuma kwa kutumia nakala hiyohiyo safi, nione kama mwandiko unasomeka nikiwa na haraka.