Nilimwambia daktari "salama"

Goti langu la kulia lilipimwa asubuhi, na hilo ndilo kosa la kwanza. Asubuhi linakunjika vizuri tu. Jioni, nikishapanda na kushuka ngazi za duka letu hapa Arua, linafura kama andazi.

Kosa la pili ni adabu. Nilitumikia jeshi la Marekani miaka sita, mmoja wao Kandahar, na kabla sijarudi nyumbani nikaitwa kupimwa ulemavu huko Texas. Daktari akaniuliza naendeleaje. Nikajibu kama nilivyolelewa: salama, namshukuru Mungu. Akaandika. Angefanya nini?

Barua ikaja kutoka VA, idara ya Marekani ya wanajeshi wa zamani, inayolipa fidia kwa asilimia za ulemavu: goti asilimia 10, mlio wa masikio asilimia 10. Na usidhani 10 na 10 ni 20. Ya pili inahesabiwa kwenye 90 iliyobaki, jumla 19, ndipo inasogezwa hadi 20. Nilidhani ni wizi, kumbe ndiyo kanuni. Mke na watoto huanza kuongezewa malipo ukifika 30. Goti likipewa 20, jumla ni 28, inasogea hadi 30. Basi vita vyangu vyote ni asilimia 10 za goti moja.

Goti lisilokunjika kupita nyuzi 45 hupewa 10. Likigomea kwenye 30, hupewa 20. Daktari anatakiwa pia azingatie siku mbaya, lakini mimi siku mbaya sikuzitaja.

Tangu 2019 njia za rufaa ni tatu. Ya kupitiwa upya na afisa wa juu haipokei ushahidi mpya, na ule wa zamani niliuharibu kwa mdomo wangu. Ya majaji ina foleni ndefu. Nikachukua dai la nyongeza, lile linalopokea ushahidi mpya, fomu 20-0995, nikaituma kabla mwaka haujatimia tangu tarehe ya barua, ili nikishinda nisipoteze malipo ya nyuma.

Ushahidi mpya ni wa Mama Salma. Aliandika kwa Kiswahili ukurasa mmoja na nusu, binti yetu akatafsiri. Kwamba nikishuka boda namshika dereva bega. Kwamba msikitini naswali juu ya kiti. Kwamba kwa baba yake hatulali tena sikukuu, kwa sababu choo cha shimo siwezi kuchuchumaa.

Hilo la choo nilimwomba alifute.

"Baba Salma, aibu yako ndiyo imetufikisha hapa," akasema, akatia sahihi.

Wakiniita kupimwa tena, nitaomba miadi ya alasiri.